Chombo cha Mbio na Mlima wa Nyumbani



Toki-konvata ni chombo cha mafuta kiunganishacho injini na giaboksi ya otomatiki. Kwa kupenda sifa, niliifungia Toyota Mark II yangu ile ya mashindano, inayoshika kwenye mizunguko 3,500 kwa dakika. Barabara ya lami ilitutambua! Lakini tukipanda Lyamba lya Mfipa kurudi Laela, na mama yangu mzee na magunia mawili ya mpunga, injini haikufikia mizunguko hiyo. Nguvu ikageuka joto, mafuta yakaungua. Mama akalala njiani.

Vijana, pimeni kwanza uzito, injini na mlima wenu; sifa baadaye.