Si Saratani, Lakini Bado Yauma

(Mazungumzo baada ya futari ya vijana)



Wazazi wetu, ndugu zangu wa kike na wa kiume, mimi si daktari. Nimekuja kuwasimulia ya mamangu, kwa ruhusa yake, huenda yakamfaa mwingine.

Mama aliumwa na tumbo, hapa juu chini ya kifua, karibu mwaka mzima. Usiku ndio zaidi. Sisi watoto tukimnunulia tembe za maumivu duka la dawa, yeye akinywa na kunyamaza. Majirani nao kila mtu na lake: huyu asema ni hasad, yule asema ni gesi tu. Ramadhan ikaingia, akafunga hivyo hivyo, akijificha tusimwone akijikunja.

Mwishowe tulimshika akapigwa altrasaundi. Ikaonekana ana uvimbe kwenye ini. Wallahi usiku ule nyumbani hapakulalika. Kila mtu alikuwa na neno saratani kichwani, hakuna aliyethubutu kulitamka. Vipimo zaidi vikaonyesha ni hemanjioma, yaani kifundo cha mishipa ya damu. Si saratani wala haigeuki kuwa saratani. Huonekana zaidi kwa wanawake, na ukiwa mdogo kwa kawaida hauumi wala hauhitaji dawa.

Tukasema Alhamdulillah, na hapo ndipo tulipokosea. Kwa furaha tulisahau swali lililotupeleka: kama uvimbe hauumi, sasa kinachomuuma mama ni nini? Miezi mitatu mingine ikapita.

Ndipo tukaomba barua ya kwenda kwa mtaalamu wa tumbo na ini. Yeye alianza kwa kuuliza. Yanaanza kabla ya kula au baada? Umepungua uzito? Choo kimekuwa cheusi? Watumia dawa gani? Kisha akamwangalia kwa kamera ndogo inayopitishwa mdomoni hadi tumboni. Kumbe kuna kidonda! Kimeletwa na bakteria aitwaye Helicobacter pylori, yule ambaye Barry Marshall na Robin Warren wa Australia walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2005 kwa kumgundua. Na zile tembe tulizomnunulia kwa mapenzi zilikuwa zikikichimba kidonda zaidi. Alitumia dawa siku 14, baadaye akapimwa tena kuhakikisha. Leo hajambo.

Ndugu zangu, jibu la kwanza si lazima liwe jibu la mwisho. Andika maumivu yanaanza lini na yanakaa muda gani. Picha na majibu yote ya zamani yaweke pamoja, uende nayo kwa mtaalamu. Ukitapika damu, ukipata choo cheusi kama lami, au macho yakiwa manjano, usingoje kesho.

Dua tuombe, na kusomewa ni kheri, lakini Mtume (s.a.w.) alituhimiza pia tutafute tiba. Na mgonjwa Mola amempa ruhusa ya kula mchana na kulipa siku nyingine akipona. Basi kwa nini tumwache mama ajifiche?

Leo mkirudi nyumbani, mwulizeni mama, "Mama, waumwa wapi?" Akisema si kitu, mwulizeni tena.

Wabillahi tawfiq. Wassalaam alaykum.