Mwanafunzi Asiyesogea: Somo la Buta

Mhadhara wa umma, Kanyosha, Bujumbura



Kiswahili kina neno moja, mwanafunzi, kwa mtoto anayekwenda shule na daftari kwapani, na kwa Petro aliyeacha nyavu akamfuata Yesu. Mfaransa ana neno la huyu na neno la yule. Sisi tumewaketisha kwenye dawati moja. Tena tuna shahidi: anayesimama mbele ya hakimu aseme alichokiona, na anayekufa kwa ajili ya imani yake. Jioni hii nataka kuzungumzia mahali ambapo maneno hayo mawili yalikutana katika miili ya vijana 40.

Alfajiri ya Buta

Barabara inayopita hapa Kanyosha hufuata ufuko wa Tanganyika hadi Rumonge, na kutoka huko njia hupanda milima kwenda Bururi. Katika Jimbo Katoliki la Bururi ndiko iliko Seminari Ndogo ya Buta. Alfajiri ya 30 Aprili 1997, wapiganaji wa kundi la waasi waliingia bwenini wanafunzi wakiwa vitandani. Amri ilikuwa fupi: Wahutu huku, Watutsi kule. Vijana hawakusogea. Risasi na mabomu ya mkono vikafuata, na 40 kati yao wakafa. Walionusurika wamesimulia kwamba hata katika kukata roho walikuwapo waliowaombea msamaha wauaji wao.

Nchi ilikuwa katika mwaka wa nne wa vita vilivyowaka baada ya kuuawa kwa Rais Melchior Ndadaye, 21 Oktoba 1993. Humu mjini mitaa ilikuwa imegawanyika kwa ukabila, na kila mtu alijua daraja ambalo hakupaswa kulivuka. Buyenzi, mtaa wa Waswahili, ulikuwa miongoni mwa michache ambako Mhutu na Mtutsi waliendelea kuishi ukuta kwa ukuta. Kwa hiyo, kama vijana wa Buta wangesogea, nani angewashangaa? Nchi nzima ilikuwa inasogea.

Tuseme pia jambo ambalo mahubiri hulipitia haraka. Amri ile haikuwa na uzito sawa kwa wote. Kwa Mtutsi, kusogea kulikuwa kujipeleka kwenye kifo. Kwa Mhutu, hatua tatu tu za miguu mitupu sakafuni zilikuwa na uhai ndani yake. Mwenye mlango wa kutokea alibaki na asiye nao. Mimi sijui ufafanuzi mwingine wa upendo wa jirani unaokaribia huo.

Mtihani uliojificha

Mwanateolojia atauliza: kwa nini tuwaite mashahidi wa imani? Kule Namugongo, Uganda, Juni 1886, Karoli Lwanga na wenzake walijua wanachomwa kwa kuwa hawakutaka kuiacha dini yao. Buta hakuna aliyeambiwa amkane Kristo. Waliambiwa wasogee tu.

Hapo ndipo ulipo ugumu wa ufuasi katika nchi zetu. Kumkana Kristo hakuji kwetu kwa jina lake. Huja kama swali dogo: wewe ni wa wapi? Kitabu cha Waamuzi kinasimulia vivuko vya Yordani, ambako matamshi ya neno moja yaliamua nani avuke na nani achinjwe. Petro naye, usiku ule uani kwa kuhani mkuu, alikuwa akiota moto wa makaa wakati lafudhi yake ya Kigalilaya ilipomtaja. Hakuulizwa kama anaamini Utatu. Aliulizwa kama yumo kundini mwa mtu aliyefungwa, naye akasogea.

Vijana wa Buta waliulizwa swali lile lile. Kanisa la Burundi likiwaita mashahidi wa udugu, linasema kwamba Kristo aliyekuwa akikanwa bwenini mle alikuwa amelala kitanda cha pili.

Somo hufundishwa lini?

Nani awezaye kujibu hivyo, akiwa ameamshwa usingizini kwa mtutu wa bunduki? Hakuna ushujaa unaotungwa kwa dakika moja. Padre Zacharie Bukuru, aliyekuwa mkuu wa seminari, aliandika kitabu juu ya vijana hao. Mwalimu huyo hakungoja vita viishe ndipo afundishe amani. Vijana waliokuja kutoka familia zilizofiwa pande zote mbili walizungumza waziwazi juu ya yaliyoitokea nchi, wakacheza mpira pamoja, wakasali na kucheza ngoma pamoja. Siku chache kabla ya shambulio, darasa la mwisho lilikuwa limetoka kwenye mafungo ya Pasaka. Kwa hiyo jibu la alfajiri lilikuwa limeandikwa polepole, kwenye meza ya chakula na uwanjani. Samaki mkunje angali mbichi, na Buta waliukunja udugu ukiwa mbichi.

Wala somo hili si mali ya Wakristo peke yao. Wiki 6 kabla ya Buta, tarehe 18 Machi 1997, wanafunzi wa sekondari ya Nyange nchini Rwanda walipewa amri kama hiyo, nao wakakataa. Leo nchi yao inawahesabu katika mashujaa wa daraja la Imena. Tarehe 21 Desemba 2015, abiria Waislamu wa basi lililokuwa likielekea Mandera, Kenya, walikataa kutenganishwa na Wakristo. Mmoja wao, mwalimu Salah Farah, alipigwa risasi siku hiyo, akafariki mwezi uliofuata. Mkristo anayemsikia Salah na asione aibu na shukrani kwa pamoja, bado hajaanza shule.

Orodha moja

Juni 2019 Kanisa la Burundi lilifungua mchakato wa kuwaombea mashahidi wake heshima ya wenyeheri. Katika orodha yumo Padre Michel Kayoya, mshairi, aliyeuawa Gitega mwaka 1972. Wamo mapadre Ottorino Maule na Aldo Marchiol pamoja na mlei Katina Gubert, Waitaliano waliouawa Buyengero tarehe 30 Septemba 1995. Wamo na 40 wa Buta. Hawakuuawa na mkono mmoja. Kila upande wa historia yetu ukiisoma orodha hiyo utakuta mahali pa kulia na mahali pa kuinamisha kichwa. Anayetaka kuwatumia mashahidi kama rungu la kumpigia jirani atalazimika kwanza kuikata orodha vipande viwili. Yaani atawaamuru wafu wasogee.

Nimalizie na walio hai. Shahidi hapendi kifo. Wale vijana walikuwa na mitihani ya kufanya. Na wengi wetu, tuseme kweli, tulisogea. Tulihama mtaa, tukanyamaza, tukajifanya hatumjui mtu. Kwetu sisi Injili ya Yohana ina moto wa pili wa makaa, ufukoni mwa ziwa, alfajiri, samaki wakiwa juu yake, kama mioto ya wavuvi mnayoiona hapa chini Kanyosha. Pale Petro hakufukuzwa shule. Aliulizwa mara tatu kama anapenda, akapewa kondoo wa kulisha, akaambiwa pia kwamba siku moja atapelekwa asikotaka. Safari hiyo hakusogea.