Tiba Moja au Mbili?
Hotuba juu ya saratani ya mlango wa kizazi, iliyosomwa katika Mkutano Mkuu wa Mwaka



Twaomba radhi kwa kulitaja mbele yenu jambo ambalo desturi hulisitiri. Lakini saratani ya mlango wa kizazi yawachukua mama zetu, na fedha za chama huombwa kwa ajili yake, imetupasa kusema.

Mara nyingi jamaa za mgonjwa hunena, "Amepewa mionzi tu, na apasuliwe pia, mzizi utoke." Ndipo ng'ombe huuzwa na shamba kuwekwa rehani. Je, tiba mbili hushinda moja?

Madaktari wamelipima neno hili. Huko Italia wanawake 343, ambao ugonjwa wao ulikuwa haujaenea, walipigiwa kura: wengine wapasuliwe, wengine wapewe mionzi. Taarifa ilitolewa mwaka 1997. Baada ya miaka 5, katika kila kundi, 83 kwa 100 walikuwa hai. Lakini wengi wa waliopasuliwa ililazimu waongezewe mionzi, na madhara makubwa yaliwapata 28 kwa 100 wa kundi lao, hali katika kundi la mionzi yaliwapata 12 kwa 100.

Nako Marekani, taarifa ya mwaka 2003 ilihusu wanawake 256 wenye uvimbe mkubwa zaidi. Kundi moja lilipewa mionzi peke yake. La pili mionzi, kisha likaondolewa kizazi. Hesabu ya waliosalia hai haikutofautiana sana.

Hatusemi kwamba upasuaji haufai. Uvimbe ukiwa mdogo, kisu peke yake chaweza kuponya. Ukiwa mkubwa, tegemeo tangu mwaka 1999 ni mionzi pamoja na dawa ya sisplatini. Kuchagua ni kazi ya daktari.

Kazi yetu ni nyingine. Mionzi hutolewa kwa majuma mengi, na yafaa ikamilike kabla ya majuma 8 kupita. Mama akirudi nyumbani katikati kwa kukosa nauli na mahali pa kulala, tiba hupungukiwa nguvu. Basi twaomba chama kitenge fungu la nauli na malazi kwanza, kabla ya kuchangia upasuaji ambao daktari hakuuagiza.

Tena twawasihi wazee wawaruhusu wake zao kupimwa mapema, na mabinti wa miaka 10 wapate chanjo ambayo Serikali ya Kenya ilianza kuitoa mwaka 2019. Usipoziba ufa, utajenga ukuta.