Kuishi Bila Pombe kwa Mama Anayepata Mtoto wa Kwanza Ukubwani

Mazungumzo kwa akina mama na familia zao, Voi



Wahenga walisema, kawia ufike. Mwanamke anayepata mimba ya kwanza akiwa na miaka 38 au 42 amefika, na anastahili heshima. Hata hivyo, safari yake ina mambo yanayohitaji uangalifu, na mojawapo ni pombe.

Chukueni mfano wa mama wa miaka 41 anayefanya biashara sokoni. Kwa miaka mingi amezoea bia mbili Jumamosi, na mnazi au mbangara kwenye sherehe. Hedhi inapokosa, anadhani ni dalili ya kukoma hedhi. Wiki nane zinapita kabla hajapima, na wiki hizo ndizo viungo vya mtoto vinapoanza kuumbika. Kwa hiyo ushauri wa kwanza ni huu: mwanamke anayejaribu kupata mtoto aache pombe kabla ya kushika mimba, na hedhi ikichelewa apime mapema, hata kama umri wake umesonga.

Pombe hupita kwenye kondo la nyuma na kumfikia mtoto, ambaye ini lake halijakomaa kuiondoa. Inaweza kusababisha mimba kuharibika, mtoto kuzaliwa na uzito mdogo, au kudhurika ubongo, na madhara hayo huonekana baadaye darasani mtoto anaposhindwa kutulia na kukumbuka. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiasi cha pombe kinachojulikana kuwa salama kwa mjamzito. Mnazi nao ni pombe, hata ukiwa wa asubuhi na mtamu. Baada ya miaka 35, hatari ya presha, kisukari cha mimba na mimba kuharibika tayari imeongezeka. Haifai kuongeza nyingine.

Je, aliyekunywa kabla ya kujua afanyeje? Asijilaumu wala asifiche. Aache leo, kwa sababu kuacha wakati wowote humsaidia mtoto. Amweleze muuguzi ukweli siku ya kliniki ili apate huduma inayomfaa. Lakini aliyekuwa akinywa sana kila siku asikatize ghafla akiwa peke yake. Mwili wake unaweza kutetemeka au kupata degedege, hivyo aende hospitali asaidiwe kuacha kwa usalama.

Mtoto akizaliwa, mambo hayajaisha. Marafiki wa rika la mama huyu wana watoto walio sekondari, na yeye anakesha na mchanga. Upweke na uchovu humrudisha mtu kwenye glasi. Wengine humwambia pombe huongeza maziwa. Si kweli. Pombe huingia kwenye maziwa na inaweza kupunguza utokaji wake. Kinachosaidia ni kunyonyesha mara kwa mara, kula vizuri, kunywa maji na uji, na kupumzika. Aliyekunywa asilale kitanda kimoja na mtoto.

Hapa ndipo familia inahitajika. Baba anaweza kuacha kuleta chupa nyumbani. Mama mkwe anaweza kubeba mtoto saa moja ili mzazi alale. Wenye sherehe, iwe Wundanyi, Mwatate, Taveta au hapa Voi, wamwandalie chai au maji ya matunda bila kumuuliza maswali. Mama anayekataa glasi asiambiwe anajidai.

Anayeona hawezi peke yake azungumze na mhudumu wa afya ya jamii, afike kituo cha afya kilicho karibu, au apige simu ya bure ya NACADA, nambari 1192.

Mama amemsubiri mtoto huyu miaka mingi. Aanze naye akiwa na akili timamu, na jamii imshike mkono.