Muulizeni Kwanza Mgonjwa

Somo: Marko 9:14–29

  

Katika somo letu baba mmoja anamleta mwanawe kwa Yesu. Kijana huyo huanguka chini, hutokwa na povu, husaga meno. Mara nyingi ameanguka motoni, na mara nyingi majini. Sisi wa Bonde la Ufa hatuhitaji kuelezwa zaidi. Tumewaona watoto wenye makovu ya moto wa mafiga, na tumesikia habari za waliokutwa wamekufa maji walipokwenda kuteka. Ugonjwa huo twauita kifafa.

Liko jambo moja katika habari hii ambalo huwa tunalipita haraka. Wanafunzi walikuwa wameshindwa. Waandishi walikuwa wakibishana nao. Watu wengi walikuwa wamekusanyika kutazama. Lakini kabla ya kumponya kijana, Bwana alimgeukia mzazi akamwuliza hali hiyo ilianza lini. Ndipo baba yule akapata nafasi ya kusema yote: habari za utoto wa mwanawe, moto, maji, na hata udhaifu wa imani yake mwenyewe. Bwana, ajuaye yote, aliuliza. Je, sisi tusiojua yote, itatupasaje?

Leo twataka kusema juu ya fedha zinazotolewa ili kuchunguza magonjwa ya kudumu, kama kifafa, kisukari, pumu na selimundu. Huenda mtu akasema, "Hayo ni mambo ya maprofesa." La, ndugu zetu. Pengine fedha hizo hutoka mifukoni mwa watu wa kawaida, tena mara nyingi wagonjwa wenyewe na wazazi wao. Huko Marekani mwaka 1938, Rais Roosevelt, ambaye mwenyewe alipooza miguu, alianzisha shirika la kupigana na ugonjwa wa polio. Watu wakatuma sarafu za senti kumi, na kwa sarafu hizo chanjo ya Daktari Jonas Salk ikapatikana, ikatangazwa mwaka 1955. Haba na haba hujaza kibaba. Nasi hapa Kenya tunacho chama cha ustawi wa watu wenye kifafa, kiitwacho KAWE, kilichoanzishwa mwaka 1982.

Basi, fedha ya mgonjwa ni fedha nzito. Imetoka kwa mtu aliyekwisha kulipa nauli, dawa na siku za kazi alizopoteza. Ni nani aamue itumike kutafuta nini?

Hapo ndipo penye mashaka. Mtaalamu ana swali lake. Mwenye kiwanda cha dawa ana lake. Na mgonjwa ana lake, lakini yeye huulizwa mwisho, au haulizwi kabisa. Mwaka 2000 gazeti la madaktari la Lancet, huko Uingereza, lilitoa habari za ugonjwa wa maumivu ya goti. Ilionekana kwamba sehemu kubwa ya utafiti ilihusu dawa. Wagonjwa wenyewe walipoulizwa, walitaka zaidi kujua habari za upasuaji wa kubadilisha goti, na kupata mafundisho na mashauri. Wazee wetu walikwisha kusema: kitanda usichokilalia hujui kunguni wake.

Kwa sababu hiyo mwaka 2004 ulianzishwa huko Uingereza umoja uitwao James Lind Alliance. Kazi yake ni kuwaketisha mezani pamoja wagonjwa, wanaowauguza na madaktari. Huandika maswali yao yote. Maswali yaliyokwisha kujibiwa huondolewa. Kisha hushauriana mpaka yabaki kumi yaliyo ya lazima kuliko mengine, na wenye fedha huonyeshwa hayo kumi.

Mfano wa swali jema tunao hapa hapa nyumbani. Mwaka 1991 gazeti lile lile la Lancet lilichapisha habari za kazi iliyofanyika wilaya ya Nakuru, iliyoongozwa na Daktari Feksi na wenzake. Swali lao halikuwa la kujionyesha. Waliuliza hivi: je, mtu mwenye kifafa aweza kutibiwa karibu na kwake, kwa kutumia huduma za afya za kawaida zilizopo? Tena, je, dawa ya zamani iitwayo fenobabitoni, ambayo ilianza kutumika kwa kifafa mwaka 1912 na bei yake ni ndogo, yafaa kama kabamazepini iliyo ya baadaye?

Wagonjwa 302 waliingia katika kazi hiyo, na 249 waliimaliza ile miezi 12. Katika nusu ya pili ya mwaka, asilimia 53 ya hao waliomaliza hawakuanguka tena. Asilimia 26 kuanguka kwao kulipungua kwa zaidi ya nusu. Na zile dawa mbili zilionekana kufaa sawasawa. Tazameni, ndugu! Jibu hilo laweza kutumiwa na mwuguzi wa zahanati, na mama aliye maskini aweza kulifikia.

Basi twajifunza nini? Chama cha wagonjwa, au kanisa, au kikundi cha akina mama kinapotaka kutoa fedha kwa uchunguzi, na kipime mambo matatu.

La kwanza, swali hili ni la nani? Mama mwenye mtoto wa kifafa huuliza: Kwa nini mwanangu? Binti huuliza: Nikichukua mimba, dawa hii haitamdhuru mtoto tumboni? Kijana huuliza: Nani ataniajiri? Hayo ni maswali ya kweli. Lile la mama limeanza kujibiwa. Mwaka 2013 ulitolewa uchunguzi uliofanywa Kilifi kwetu, Ifakara katika Tanzania, Iganga katika Uganda, na pia Ghana na Afrika Kusini. Ulionyesha kwamba kifafa chahusiana na shida wakati wa kuzaliwa na vimelea vya namna kadha, mambo ambayo mengi yake yaweza kuzuiwa. Mama aliyeambiwa kwamba amerogwa anahitaji sana kulisikia neno hilo.

La pili, nani anapima? Mtu asiwe mwombaji na mwamuzi wa shauri lake mwenyewe. Mashirika yenye busara huwapa wataalamu wengine, wasio na faida yao katika jambo hilo, wasome ombi na kusema kweli kama kazi hiyo yaweza kuleta jibu. Mgonjwa ajua uzito wa swali. Mtaalamu ajua kama njia yafika. Wote wawili wahitajiwa.

La tatu, jibu likipatikana, litafika kwa nani? Dawa nzuri isiyoweza kununuliwa na mtu wa Subukia ni kama chakula kilichowekwa juu ya dari mbele ya mtoto mwenye njaa.

Tunajua wako watakaosema, "Mnasemaje habari za uchunguzi, na rafu ya zahanati ni tupu?" Hilo ni neno la haki, wala hatulikwepi. Ikiwa dawa yajulikana na mgonjwa hana, shilingi ya kwanza na iende kwenye dawa. Tangu mwaka 2013 huduma za afya zimo mikononi mwa serikali za kaunti, na sisi raia twaweza kwenda kuwauliza wakubwa wetu juu ya fenobabitoni kama tunavyowauliza juu ya barabara.

Lakini tusisahau hesabu ile ya Nakuru. Miongoni mwa waliomaliza, karibu mmoja katika kila watano hakupata nafuu ya kutosha. Na wale 53 ambao hawakumaliza, nao wana mama zao. Tukisema, "Dawa ipo, yatosha," tumewaacha hao motoni na majini. Kwa ajili yao lazima mtu aendelee kutafuta. Shilingi ya pili ni yao.

Wapendwa, liko na jambo lisilohitaji fedha. Wako wanaoogopa kumgusa mwenye kifafa aliyeanguka, wakidhani povu lake laambukiza. Haliambukizi. Mwondoeni kwenye moto, mlazeni ubavu, msitie kitu kinywani mwake, kaeni naye mpaka azinduke. Tena msimwambie mtu aache dawa kwa sababu ameombewa. Kuacha dawa ghafula kwaweza kuleta hatari kubwa. Maombi na kidonge havigombani.

Na katika kamati zetu za afya, katika ushirika na jumuiya, tuwape nafasi hao wenye ugonjwa. Mara nyingi tumewaombea wakiwa wameketi nyuma karibu na mlango. Tuwaalike mbele, tuwaulize, kisha tunyamaze tusikilize. Asiyeuliza hanalo ajifunzalo.

Na tuombe. Ee Bwana, uliyemwuliza baba yule na kumsikiliza mpaka mwisho, utupe masikio kama yako. Uwaongoze wanaotafuta, uwatie haki wanaogawa fedha, uwatie nguvu wanaomeza dawa kila siku bila kuona mwisho wake. Na usiku huu uwalinde watoto wetu na moto na maji. Amina.