Gitaa Halingoji Safari

(Hotuba ya mzee wa jamii, Siku ya Wakimbizi Duniani, Dzaleka)



Nimepewa dakika chache niseme juu ya ndoto zetu. Naanza na jina la mahali hapa. Kabla ya kuwa kambi mwaka 1994, Dzaleka ilikuwa gereza la kisiasa la utawala wa Kamuzu Banda. Majirani zetu Wachewa husimulia kwamba jina lenyewe ni kama kiapo cha mfungwa: sitarudia tena. Ndipo walipozaliwa watoto wetu wengi.

Mimi nilifika hapa na gitaa. Nikajiambia: silipigi mpaka niitwe safari, nikalipige huko Kanada au Marekani. Nikangoja miaka sita, nyuzi zikashika kutu. Kijana wa jirani alikuwa akija jioni: "Mzee, nifundishe." Nami humjibu: "Subiri kwanza, mwanangu, kesi yangu iko njiani." Mwishowe akaacha kuja. Nilimnyima kilichokuwa mkononi mwangu kwa ajili ya kisichokuwapo.

Ndugu zangu, wengi wetu tumecheza muziki wa Remmy Ongala. Alizaliwa Kindu, Kongo, mwaka 1947, akafiwa na wazazi mapema. Mwaka 1978 alifika Dar es Salaam kupiga na Orchestra Makassy, baadaye Super Matimila. Hakuja kama mkimbizi, lakini alikuwa mgeni. Hakungoja awe mwenyeji ndipo aimbe. Aliimba juu ya maskini, kifo na Ukimwi, kwa Kiswahili chenye lafudhi ya kwao, na watu wakamwita Dokta. Alifariki Desemba 2010. Hadi leo kituo cha basi kinaitwa Sinza kwa Remmy. Wahenga walisema: mgeni njoo, mwenyeji apone.

Na hapa kwetu je? Mwaka 2014 mkimbizi mwenzetu kutoka Kongo, Trésor Nzengu Mpauni, mshairi tunayemjua kwa jina la Menes la Plume, alianzisha Tamasha la Tumaini humu humu kambini. Siku nyingine sisi ndio tunaokwenda Lilongwe, zaidi ya kilometa 40, tukiwa na kibali mfukoni. Siku za tamasha Lilongwe ndiyo inayopanda basi kuja kwetu. Wamalawi husikiliza muziki wetu, hula chakula chetu, na wageni wengine hulala katika nyumba zetu.

Sisemi kwamba ngoma inashibisha. Kambi iliyopangiwa watu elfu 10 hadi 12 sasa ina zaidi ya elfu 50. Posho haitoshi. Mwaka 2023 wenzetu walirudishwa kambini kutoka mijini, wakaacha maduka na kazi zao. Anayengojea safari ana haki ya kungoja, nami bado nangoja. Ninachokataa ni kungoja mikono ikiwa imefungwa, maana hapo tunakiapa kile kiapo cha mfungwa sisi wenyewe, bila askari.

Kwa hiyo naomba mambo mawili. Kwanza, kila mwenye ufundi, awe wa cherehani, useremala, ushairi au hesabu, ajiandikishe kwa Katibu wa Kamati na achukue kijana mmodi tu wa kumfundisha. Pili, ndugu zetu wa mashirika, mnapotuandika majina na idadi ya watoto, tuulizeni pia tunajua kufanya nini. Na darasa likiwa tupu Jumamosi, tuazimeni ufunguo.

Mimi nimenunua nyuzi mpya. Jumamosi saa tisa alasiri nitakuwa nje ya nyumba yangu. Yule kijana sasa ni baba wa watoto wawili. Nimemwambia amlete mkubwa.