Nyota Nyekundu

Leo tuvuke bahari hadi New York, usiku wa tarehe 27 Februari 1975, saa sita imepita kidogo. Kwenye jengo la simu la ghorofa 11, kando ya Second Avenue, moto umeshika chini kabisa, katika chumba cha nyaya kilicho chini ya ardhi. Humo hamlali mtu. Kilichojaa ni nyaya tupu, zimevishwa plastiki ya PVC, ile ile ya mabomba ya maji tunayoyajua.

Sasa sikiliza. Zaidi ya nusu ya uzito wa PVC ni klorini. Ikiungua hutoa gesi ambayo ikikutana na unyevu, yawe machozi au mate kooni, hugeuka tindikali. Wazima moto wapatao 700 walipokezana ndani ya moshi huo kwa saa 16. Mtungi wa hewa wa siku zile ulihesabiwa nusu saa. Mwenye kuburuta mpira wa maji ngazini aliumaliza mapema zaidi. Zaidi ya 200 walitibiwa. Aliyefia pale hakuna.

Simu zipatazo 170,000 zilikatika, zikarudishwa kwa siku 22, na watu wa simu wakasifiwa. Walistahili, sibishi. Kadi za matibabu za wazima moto wale, kwa upande wao, ziligongwa nyota nyekundu, ili daktari akiiona ajue mwenye kadi alikuwa wapi usiku ule. Miaka ikaenda, saratani zikaanza kuwabishia hodi wenye nyota, na wastaafu wa kikosi wakalalamika kwamba muhuri waliupata, wa kuwafuatilia hawakumwona.

Na si kwamba jambo lenyewe lilikuwa geni. Miaka 200 kamili kabla ya hapo, mwaka 1775, daktari Percivall Pott wa London aliandika kuhusu wafagia dohani, waliotumwa tangu utotoni kupenya kwenye mabomba ya moshi. Walikuwa wakipata saratani ya mfuko wa korodani, kwa sababu masizi yalijificha katika mikunjo ya ngozi. Ngozi, msikilizaji, si mapafu peke yake! Lakini kwa wazima moto wengi koti lililokolea masizi lilikuwa kama cheo. Mwenye koti safi alionekana mgeni wa kazi. Koti hilo lilipanda garini, likatundikwa kituoni karibu na vitanda, na mengine yalifika nyumbani yakafuliwa pamoja na nguo za watoto.

Mwaka 2007 wataalamu wa saratani wa Shirika la Afya Duniani, walioko Lyon, Ufaransa, walisema kazi ya kuzima moto huenda inaleta saratani. Mwaka 2022 wakaliondoa hilo neno "huenda". Wakaiweka kazi hiyo kundi la kwanza, pamoja na tumbaku na asbesto, ambako masizi ya wafagia dohani yalikuwa yameshatangulia.